Ufunguo Kwenye Kiatu cha Kanisani

Kila jioni, saa moja kasoro robo, baba yake Fuatino alifanya mambo matatu kwa mpangilio uleule. Alizima televisheni, hata kama mechi ya raga ilikuwa imebakiza dakika mbili. Alichungulia dirishani kuona kama gari lipo. Kisha alichukua kopo la bati lililokaa juu ya friji, akalitikisa karibu na sikio, kacha kacha, akasema, "Zimo zote mbili." Hapo ndipo watu wote wa nyumba walipokaa mikekani kwa sala ya jioni.

Nyumba yenyewe ilikuwa Mangere, kusini mwa Auckland. Ilikuwa na vyumba vitatu na watu tisa. Fuatino, msichana wa miaka kumi na miwili, alilala chumba kimoja na bibi yake, shangazi yake, na cherehani ya shangazi yake. Binamu yake Kalepo, wa miaka kumi na minne, alilala sebuleni na kwa sababu hiyo alijiita mlinzi, ingawa kwa jinsi alivyokoroma, mwizi angeweza kupita na ng'ombe watatu.

Kopo lile lilikuwa la biskuti ngumu, zile ambazo ndugu huleta kutoka Samoa na watu wakazichovya kwenye kakao. Lilipata kazi mpya mwezi wa nane, baada ya Afande Mereana wa polisi kuja kanisani. Afande huyo alisimama mbele baada ya ibada, kofia mkononi, akaeleza habari za magari yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe, ambayo ufunguo wake hauingizwi kwenye tundu lolote.

"Ufunguo wa namna hiyo haujui kunyamaza," alisema. "Unanong'ona tu, 'Nipo hapa, nipo hapa.' Gari likiusikia karibu, linafungua mlango. Sasa, wezi wanakuja wawili na visanduku viwili. Mmoja anasimama karibu na mlango wa nyumba, kisanduku chake kinadaka ule mnong'ono. Mwenzake yuko kando ya gari, kisanduku chake kinaurudia. Gari linadhani mwenyewe amefika. Kioo hakivunjwi, mbwa habweki."

"Sasa tufanyeje, binti yangu?" mzee mmoja aliuliza. "Tuzizike?"

"Ziwekeni kwenye kopo la bati lenye kifuniko, mbali na mlango. Bati linauziba mdomo ufunguo. Halafu jaribuni. Simama kando ya gari na kopo lako mkononi, vuta mlango. Ukikataa kufunguka, kopo lako ni zuri. Na msisahau ufunguo wa akiba. Huo ndio huwaponza watu."

Baba yake Fuatino, jina lake Petelo, alijaribu siku hiyohiyo. Alivuta mlango wa gari mara nne, gari likagoma mara nne, naye akacheka peke yake uani. Jirani yao Viliami, Mtonga kutoka visiwa vya Tonga mwenye pikapu ya zamani, alikuwa akimtazama juu ya ua.

"Petelo, umegombana na gari lako?"

"Nalilinda dhidi ya wezi. Wewe la kwako umelifanyia nini?"

"La kwangu nalilaza na ufunguo ndani," alisema Viliami. "Mwizi akija nimemwekea na barua ya shukrani."

Lakini Petelo hakuwa akilinda gari la kujishaua. Gari lile dogo jeupe ndilo lililompeleka mama yake, Bibi Eseta, hospitali kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Huko Bibi alikaa kwenye kiti kwa saa nne, mashine ikimsafisha damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimeacha kazi. Hospitali ilikuwa na gari lake la wagonjwa, lakini ulitakiwa uliombe siku mbili kabla. Mwaka uliopita, wiki ya mafuriko, Bibi alikosa siku moja tu. Miguu yake ilivimba, pumzi zikawa fupi fupi, na Fuatino alikaa kando ya kitanda akizihesabu, akiogopa kwamba akiacha kuhesabu na zenyewe zitaacha.

Kwa hiyo Fuatino alijua gari lile ni nini. Ndiyo maana jambo alilolifanya lilimkaa moyoni kama mwiba wa samaki kooni.

Jumapili Nyeupe ilikuwa inakaribia, siku ile watoto wanapovaa nyeupe tupu na kila mmoja kusimama mbele ya kanisa zima kusema maandiko kwa kichwa, kwa Kisamoa. Fuatino alizaliwa Auckland, na Kisamoa chake kilikuwa kinachechemea. Kila alipofanya mazoezi ndani ya nyumba, Kalepo alimwiga.

"Wee Tino," alimwambia, "huyo nabii ukimtaja hivyo atashuka mwenyewe kuuliza nani anamtukana."

Alijaribu chooni, watu wakagonga mlango. Alijaribu chini ya mti wa ndimu, Viliami akamsalimia kila mstari. Mwishowe akagundua gari. Mchana, baada ya shule, lilikuwa limesimama uani tu, kwa sababu Baba alikwenda kiwandani na mwenzake. Fuatino alitoa ufunguo wa akiba koponi, akaketi kiti cha nyuma, akapandisha vioo, akawa na chumba chake peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Humo hata maneno magumu yalimtii.

Siku ya kwanza aliurudisha ufunguo. Siku ya tatu Baba alirudi mapema, na Fuatino, badala ya kuingia nao mkononi, aliusukumiza ndani ya kiatu chake cheupe cha kanisani, kilichokuwa kibarazani. Pale kibarazani palikuwa na viatu vya watu tisa, kwa sababu hakuna aliyeingia nyumba ile na viatu miguuni. Nani angechungulia kiatu kinachovaliwa Jumapili peke yake? Ulipokaa pale siku moja, ilionekana hakuna maana ya kuurudisha, maana kesho angeuhitaji tena. Na ili kopo lisimsaliti jioni, alitumbukiza humo kufuli dogo bovu. Kacha kacha. Baba akasema, "Zimo zote mbili."

Siku moja tu Baba alimwuliza kwa mdomo. "Tino, leo umepanga vitu juu ya friji. Ufunguo wa akiba umo, sivyo?"

"Umo, Baba."

Lilikuwa neno jepesi sana kulitamka. Jumapili zilipofika aliuhamishia kwenye gambuti lake, na Jumatatu akaurudisha kiatuni. Wiki tatu zikapita hivyo.

Ijumaa moja jioni, jua likiwa bado halijazama, walikaa mikekani kama kawaida. Mama alikuwa zamu ya jioni kwenye jiko la uwanja wa ndege. Waliimba, kisha Baba akaanza kusali. Petelo hakuwa mtu wa sala fupi. Aliwaombea wagonjwa, akawaombea wasafiri, akafika hadi kwa mchezaji wa raga aliyeteguka goti. Wote walikuwa wamefumba macho.

Ndipo Fuatino alipoisikia sauti ndogo nje. Pip pip.

Ilikuwa sauti ya gari lao likifunguka. Aliifahamu kwa kuwa aliisikia kila siku baada ya shule. Alifumbua macho. Mbele yake, Bibi Eseta naye alikuwa amefumbua jicho moja, kwa sababu Bibi alikuwa na desturi ya kusali na jicho moja wazi ili kuona nani hasali. Bibi hakusikia kitu, masikio yake yalikuwa mazito. Lakini aliuona uso wa mjukuu wake.

"Nikisema, wataniuliza nimejuaje," Fuatino aliwaza. "Na huenda ni gari la jirani." Akafumba macho tena kwa nguvu. Baba aliendelea na sala. Gari la aina ile huanza kwa umeme, halina ngurumo likianza kwenda, linateleza kimya kama mtu mwenye soksi. Baba alipofika kwenye "amina", yapata dakika tatu zilikuwa zimepita.

Kalepo alitoka kupeleka taka. Akarudi na pipa mkononi.

"Mjomba, gari umemwazima nani?"

Petelo alikwenda dirishani, kisha uani, akasimama pale gari lilipokuwa, akakanyagakanyaga simenti kana kwamba linaweza kuwa chini yake. Akarudi mbio ndani, akalitwaa kopo, akalitikisa. Kacha kacha.

"Zimo zote mbili," alisema. Safari hii sauti yake haikuwa na furaha.

Alipiga simu polisi. Aliyepokea alimwuliza kama funguo zote zilikuwa zimehifadhiwa, naye akaapa kwamba zilikuwa koponi, zote mbili. "Basi watakuwa wamechomeka mashine ndani ya gari na kulitengenezea ufunguo mpya," sauti ile ilisema. "Wa namna hiyo huwa wamejipanga, mzee. Hivi sasa liko mbali. Tutaandika taarifa."

Petelo alikaa juu ya mkeka. Wote walikuwa wanawaza kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kile kiti cha hospitali. Viliami alikuwa na safari ya kupeleka samaki sokoni tangu alfajiri. Mama angerudi kutoka kazini usiku kwa basi.

"Kesho nitapumzika," Bibi alisema. "Ile mashine haitakufa kwa kutoniona siku moja."

"Utapata shida ya pumzi, Mama," alisema Petelo.

"Nimezaa watoto saba na wewe ukiwa na kichwa kikubwa kuliko wote. Shida naijua."

Kalepo alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka.

Fuatino alitoka kibarazani. Akatia mkono ndani ya kiatu cheupe, na ufunguo ukamgusa vidole. Kutoka pale hadi ngazi ya mbele palikuwa na hatua moja. Mtu asingehitaji hata kuukaribia mlango. Alikuwa ameinama vilevile, mkono kiatuni, wakati mlango ulipofunguka na Bibi Eseta akatoka, akajishusha ngazini polepole huku akiguna.

"Nilikuona ulipofumbua macho," Bibi alisema. "Nilidhani umeona mende. Sasa nakuona umeshika kiatu kama umeshika kaa."

Fuatino alianza kulia kabla ya kuanza kusema, na maneno yakatoka yamelowana: gari, maandiko, kufuli, kiatu, pip pip. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumwambia anyamaze, wala hakumwambia kwamba si kitu.

"Haya. Nenda kamwambie baba yako."

"Bibi, nisemee wewe."

"Mimi siwezi. Meno yangu nimeshayaweka kwenye glasi."

Meno yake ya bandia yalikuwa mdomoni mwake, yanaonekana wazi. Lakini Fuatino alielewa. Aliingia ndani, akasimama mbele ya Baba, akafungua kiganja.

"Baba, haukuwemo. Ulikuwa kibarazani wiki tatu. Nilikudanganya. Na nimesikia gari likifunguka wakati wa sala, nikanyamaza."

Petelo aliutazama ule ufunguo. Akalifungua kopo, akatoa ufunguo mmoja na kufuli bovu, akaviweka mkekani kando kwa kando. Uso wake ulikuwa mgumu, na Fuatino alingoja kelele. Badala yake Baba alisimama, akatafuta kikaratasi kilichobandikwa kwenye friji, akapiga namba ya Afande Mereana.

Fuatino alimsikia akieleza yote, bila kupunguza. "Ni binti yangu," alisema. "Na mimi nimewaambia polisi jambo lisilo kweli, sikujua."

Sauti ya Afande ikasikika hadi sebuleni.

"Ngoja. Ufunguo ulikuwa nje kibarazani? Basi hawakutengeneza ufunguo mpya. Wamedaka mnong'ono tu. Gari likiwa linawaka litakwenda, lakini wakilizima haliwaki tena, kwa sababu hawana ufunguo. Hawa huwa hawaendi mbali. Wanaliegesha mtaa wa jirani, waone kama kuna anayelifuata, halafu wanarudi na mashine yao kabla hakujakucha. Petelo, bado kuna mwanga. Zungukeni mkiwa garini, msishuke. Mkiliona, msiliguse, nipigie. Nami naleta gari letu."

Petelo aligonga kwa Viliami. Pikapu ilikohoa mara tatu, ikawaka. Petelo akakaa mbele, na Fuatino akaingia kiti cha nyuma. Kabla mlango haujafungwa, Bibi Eseta akaingia pia, na shali yake na begi lake.

"Mama, wewe baki."

"Gari linalotafutwa linambeba nani? Leteni huo ufunguo, vidole vyangu bado vina nguvu."

Walianza na mtaa wa nyuma ya shule. Kila walipofika kwenye magari yaliyoegeshwa, Bibi alinyoosha mkono nje ya dirisha na kubonyeza ufunguo, akisema kwa sauti ya chini, "Njoo, njoo, njoo," kama mtu anayeita kuku. Magari yalikaa kimya. Watu waliokuwa wanamwagilia bustani waliwapungia mkono, nao wakapunga.

"Mama Eseta," alisema Viliami, "ukiliita kwa Kitonga litakuja haraka."

"Ndiyo, na likija litakuwa limechelewa na lina njaa. Endesha."

Walipita uwanja wa netiboli. Walipita kanisa. Mwanga ulikuwa unapungua, na Fuatino aliona jinsi Bibi alivyoanza kubadilisha mkono kila baada ya muda kwa sababu ulichoka. Akataka kuuchukua ufunguo. Bibi akakataa kwa kichwa, kisha akabadili nia, akamwekea kiganjani.

"Haya, bonyeza wewe. Ni kazi yako hii."

Nyuma ya duka la kufulia nguo kwa mashine palikuwa na uwanja mdogo wenye magari matano. Moja lilikuwa dogo jeupe. Petelo alilikodolea macho, kisha akatikisa kichwa. "Linafanana, lakini namba si zetu. Twende."

"Tulia kidogo, Viliami," alisema Fuatino. Kisha akakumbuka adabu. "Samahani, Mjomba Viliami. Tafadhali."

Alibonyeza. Taa za lile gari jeupe ziliwaka mara mbili, na kutoka ndani yake ikatoka sauti ndogo aliyoifahamu. Pip pip.

"Wamelivalisha namba za gari jingine," Petelo alisema taratibu. "Mimi nimelipita kwa macho yangu."

Alimpigia Afande simu, nao wakakaa mle mle pikapuni, milango imefungwa, mpaka Afande Mereana alipofika na mwenzake. Ng'ambo ya barabara kijana mmoja mwenye kofia ya sweta alichomoza kwenye kona, akaona gari la polisi, akageuka alikotoka kwa hatua za mtu aliyekumbuka kitu jikoni. Mwenzake Afande alimfuata. Afande alipaka unga mweusi milangoni kutafuta alama za vidole, akapiga picha, akatoa namba za uongo. Kisha akamwomba Petelo aingie na ufunguo. Gari likawaka.

"Mngelikuja kesho msingelikuta," alisema Afande. Akamtazama Fuatino. "Nani alisema habari ya kiatu?"

"Mimi."

"Umesema mapema kidogo kuliko wengi. Ila si mapema sana."

Usiku ule Petelo alimwita Fuatino mezani. Hakumpigia kelele. Alimwambia kwamba kwa mwezi mzima ataosha vyombo vya watu tisa, na kwamba Jumapili atamwomba radhi Bibi mbele ya nyumba nzima. Kisha akakwaruza meza kwa kidole.

"Na mimi ninalo langu. Nililisikiliza kopo badala ya kulifungua. Tena sikujua kwamba mwanangu hana mahali pa kukaa kimya. Ungeniambia, ningekupa gari mwenyewe kila jioni nusu saa, na Kalepo ningemfungia nje."

"Nimesikia," alisema Kalepo kutoka sebuleni.

Asubuhi ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu kamili, Bibi Eseta aliketi kwenye kiti chake hospitali. Muuguzi alimfunga mipira ya damu mkononi, mashine ikaanza kuzunguka kwa mlio wa chini. Fuatino alikuwa amekaa kwenye kistuli kando yake. Alikuwa akiitazama damu ya bibi yake ikitoka ikiwa nzito na kurudi ikiwa safi, na hakuweza kuyatoa macho.

"Bibi, umenikasirikia?"

"Nilikasirika kuanzia nyumbani hadi uwanja wa netiboli. Pale mkono uliponiuma nikasahau."

"Lakini ningekuua."

Bibi alimshika kidole, maana mkono mwingine ulikuwa wa mashine.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Wezi wale walichukua dakika tatu. Wewe uliwaandalia njia kwa wiki tatu, kila jioni kidogo, na kila jioni ukaona hakuna kilichotokea. Uongo uko hivyo. Haukuumi siku unapousema, ndiyo maana mtu anausema tena. Unamwuma mwingine, siku asiyoijua. Jana ulisema kweli kwa kuchelewa, na hata hivyo imenileta kwenye kiti hiki. Ungengoja hadi leo, ningekuwa nimelala nyumbani navimba, na kweli yako ingekuwa ya kunililia tu. Kwa hiyo ukiwa na jambo la kusema, liseme lingali na kazi ya kufanya."

"Hata katikati ya sala ya Baba?"

Bibi alitazama mlangoni kuona kama Petelo yuko karibu. Hakuwepo, alikuwa anatafuta chai.

"Hasa katikati ya sala ya baba yako," alisema. "Mungu atangoja, amezoea. Wezi hawangoji."